Mazombi Wasiojua Shikamoo

Mwanangu Idrisa,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako huko Magomeni yetu hii ya Kilosa, na najua hutarudi mpaka chakula kipoe. Vizuri, maana haya nisingeweza kuyasema ukiwa unanitazama. Baba yako yuko uani analifunga begi lako kwa kamba kana kwamba unasafiri juu ya lori la mkaa na si kwa treni ya umeme. Habari za begi namwachia yeye. Sitakuambia uvae sweta Dodoma, wala ule asubuhi, wala usimkopeshe mtu uliyekutana naye jana. Umekuwa mtu mzima. Ukishindwa kula asubuhi, shauri yako.

Nakuandikia juu ya kitabu chako, na juu ya ile sura ya kumi ambayo mhariri wako wa Dodoma anataka uifute.

Uliponipa zile karatasi uliniambia, "Mama, nisomee, lakini usinisahihishie." Nimekusomea. Nimekusahihishia pia, kwa kalamu nyekundu, maana mwalimu wa Kiswahili haachi kazi kwa kuambiwa na mwanawe. Kila uliponiuliza nimeonaje, nilikujibu kwamba bado nasoma. Nilikuwa nimemaliza zamani. Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia bila kukuvunja moyo, na namna hiyo sikuipata.

Ni kitabu kibaya, mwanangu.

Tuanze na huyo shujaa wako, Brayan. Brayan anazunguka Kilosa katika jua la mwezi wa kumi na moja akiwa amevaa koti la ngozi, na hatoki jasho. Hali, halali, haendi chooni. Dunia imekwisha, viwanda vimekwisha, lakini risasi za Brayan haziishi. Kila akifungua mdomo anasema, "Twendeni, hatuna muda!" Hebu nitajie mtu mmoja wa Kilosa uliyewahi kumsikia akisema hana muda. Ugonjwa wako umetoka maabara, kwa sababu katika hadithi hizi ugonjwa lazima utoke maabara. Ungeutoa hata kwenye kisima cha shule ningekupa alama mbili za bure. Wafu wako wanavuka mto Mkondoa kwa miguu katikati ya masika, mto ambao wazima wenyewe unawashinda. Halafu sura ya sita, tembo wa Mikumi nao wamegeuka mazombi. Tembo, Idrisa! Niliiweka kalamu chini nikatoka nje kupunga upepo, na baba yako akaniuliza kama nimepata habari ya msiba.

Na kwa kuwa nimetaja msiba, hapo ndipo panaponiudhi kuliko hata tembo. Katika hadithi hizi zote, zako na za hao mnaowaiga, hakuna anayezikwa. Mji mzima unakufa na hakuna mtu anayetandika jamvi. Hakuna anayeuliza huyu alikuwa mtoto wa nani. Hapa kwetu akifa hata mlevi wa sokoni, watu wanaacha shughuli zao, wanapika, wanachimba, wanabishana juu ya upana wa kaburi mpaka shehe awanyamazishe. Kwenu nyinyi mtu anapasuliwa kichwa kwa shoka, shujaa anafuta shoka kwenye suruali, safari inaendelea. Halafu mnasema mmeandika juu ya kifo. Mmeandika juu ya shoka. Hayo nimeyaandika pembeni mwa sura ya tatu, utayaona.

Usidhani nawapenda wa upande wa pili. Wapo wasomi wanaowatetea, wanasema zombi ni ishara. Mara ishara ya tamaa, mara ya ukoloni, mara ya vijana waliozama kwenye simu. Nimesahihisha insha za ishara tangu hujazaliwa, na ninachojua ni kwamba mwanafunzi ambaye hakusoma kitabu ndiye wa kwanza kukimbilia ishara. Wapo pia wenzangu wa chumba cha walimu ambao hawajafungua hata ukurasa mmoja lakini wameshatoa hukumu: hiyo si fasihi, fasihi inahusu mambo ya kweli. Anayesema hivyo akitoka hapo anaingia darasani kufundisha ngano ya sungura anayemdanganya fisi. Nami nilikuwa miongoni mwao, tena mstari wa mbele, nikipiga meza. Wajinga tu sote, na mishahara yetu tunachukua.

Wewe unaniona mama wa kamusi, ukadhani mazombi siwajui. Nawajua sana, maana ndoa yangu ilianzia kwao.

Hii habari baba yako amekusimulia nusu, ile nusu ya kuchekesha. Unajua kwamba ujana wake alikuwa mtafsiri wa filamu kule Mikumi, wale walioitwa madijei. Banda la mabati karibu na barabara kuu, mabenchi ya mbao, televisheni moja juu ya kabati, jenereta likiunguruma nyuma. Madereva wa malori na vijana wa mjini walijaa humo. Filamu inakwenda kwa Kiingereza, dijei anakaa kwenye kichumba chake na kipaza sauti anawaeleza watu kinachosemwa. Baba yako Kiingereza hakukijua zaidi ya salamu. Alikuwa anatunga. Na filamu za mazombi ndizo alizozipenda, kwa sababu mazombi hawasemi neno, hivyo hakuna wa kumsuta.

Kila zombi alimpa jina, kijiji na kosa. "Huyu mwembamba mnayemwona alikuwa refa wa Kidodi, alikula rushwa ya fainali, oneni sasa anavyotembea!" Banda linavunjika kwa vicheko. "Yule mama wa nyuma alikuwa akipima mchele kwa kopo lililobonyea!" Watu walitoka Ruaha na Ruhembe kuja kumsikia. Hapo baba yako huishia, anacheka, anaomba chai. Sasa nusu iliyobaki.

Mjomba wako Hamisi, ndugu yangu pekee, alichukuliwa na Mkondoa katika masika moja akiwahi kuokoa mbuzi wa bibi yako. Tulitafuta kando ya mto mpaka maji yakapungua, hatukumpata. Bibi yako alikataa hitima isomwe. Alisema hawezi kumwombea marehemu mtu ambaye hajamwona amekufa. Kila jioni kule kijijini kwetu Mvumi alimwekea sahani, na asubuhi aliwapa kuku.

Mtu asipozikwa, midomo haikosi kazi. Wakaanza kusema Hamisi hakufa, amechukuliwa msukule, mtumwa wa mchawi. Kwamba yuko Ruhembe anakata miwa usiku katika shamba la mzee fulani, analishwa pumba. Nazidharau hadithi za misukule kuliko ninavyomdharau Brayan wako, na dharau hii sikuisomea chuoni. Brayan anaua watu wa karatasi. Hizi zetu zimewatoa wazee wa kweli katika nyumba zao, na yule mzee wa Ruhembe alikuwa ameshaanza kulala kwa jamaa kwa kuogopa kuchomewa nyumba.

Dereva mmoja akapeleka maneno hayo Mikumi, na dijei wetu akayaokota, maana yeye aliokota kila kitu. Siku hiyo akatokea zombi mmoja mwembamba wa shati la buluu. "Na huyu ni Hamisi wa Mvumi! Maji yamemkataa, sasa anakata miwa bila mshahara!" Watu wakacheka kama kawaida yao.

Haukupita muda, mama mmoja muuza nyanya akafika kwa bibi yako huku anahema. "Mama Hamisi, mwanao ameonekana Mikumi. Yuko na wenzake wengi, wanatembea. Amevaa shati la buluu."

Hamisi alitoka nyumbani na shati la buluu. Nani hana shati la buluu? Nilimwambia bibi yako hivyo hivyo. Nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo cha ualimu, nina elimu mpya inayowasha. Nilimwambia, "Mama, hiyo ni filamu. Ni Wazungu wamepakwa rangi." Akaingia jikoni. Alisonga ugali wa unga mweupe, akakaanga dagaa, akafunga bakuli kwa kitambaa. Alisema mtu aliyelishwa pumba akionja chakula cha mama yake akili humrudia. Njia nzima ya Mikumi nilibishana naye, na njia nzima alilipakata lile bakuli lisimwagike.

Walitupisha benchi la mbele kwa heshima ya umri wake. Filamu ikaanza. Mazombi walipotokea kwenye kilima, baba yako akapaza sauti: "Haya, hao wanakuja! Na mbele yao, Hamisi wa Mvumi!"

Bibi yako akasimama. "Hamisi!" akaita. "Hamisi, ni mimi mama yako. Njoo ule."

Banda zima likaangua kicheko, walidhani ni sehemu ya mchezo. Mimi nikamvuta kanga. "Mama, kaa chini, watu wanatucheka." Akaupiga mkono wangu. Akafungua kitambaa, akaliinua bakuli mbele ya ile televisheni kwa mikono miwili.

Idrisa, aibu niliyoiona siku ile nimeikumbuka kila niliposimama darasani. Mama yangu anamwita mwanawe, na mimi ninachosikia ni vicheko vya madereva. Bado naona haya kwamba niliona haya.

Vicheko vikaanza kufa, benchi moja baada ya jingine. Kipaza sauti kilikuwa kimya. Mazombi wakaendelea kunguruma peke yao bila mtu wa kuwasemea. Kisha mlango wa kichumba ukafunguliwa, akatoka kijana mwembamba, akaja mpaka mbele ya bibi yako, akapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye unayewasemea hawa?"

"Ndiye mimi, mama."

"Mbona mwanangu hanijibu? Anasema nini?"

Angeweza kutunga. Kutunga ndiyo ilikuwa kazi yake, na banda zima lilikuwa likingoja. "Hasemi kitu, mama," akasema. "Hawa hawasemi. Wananguruma tu. Lile jina nililitia mimi."

"Hata shikamoo hawasemi?"

"Hata shikamoo."

Bibi yako aliigeukia ile televisheni. Akamkagua kila zombi aliyepita, uso kwa uso, kama anayechagua mbegu. Halafu akasema, "Basi huyu si wangu. Hamisi hajawahi kunipita bila kuniamkia, hata akiwa na homa. Kama angebakiwa na miguu ya kutembea, angebakiwa na mdomo wa kuniamkia." Akalitazama bakuli mikononi mwake, kisha akampa yule kijana. "Kula wewe. Umekonda."

Baba yako alikula ugali ule amesimama mbele ya watu, machozi yanamtoka, mpaka bakuli likawa jeupe. Hakuna aliyecheka. Tuliporudi Mvumi bibi yako akaita watu, akasema Hamisi amekufa, msomeeni. Mzee wa Ruhembe akarudi kulala kwake. Na siku ya hitima nilimwona dijei wa Mikumi amekaa mwisho wa jamvi, ameazima kanzu fupi. Baada ya hapo akawa haishi kupita Mvumi, kila mara na sababu mpya, mpaka nikamwambia alete posa tupumzike.

Sasa unaelewa kwa nini nawadharau mazombi. Nimewapima kwa kipimo cha bibi yako, na kipimo hicho sijapata kukiona katika kitabu chochote cha uhakiki nilichofundishia. Aliwatazama akagundua upungufu wao mara moja, bila kunukuu mtu: hawa hawakuwahi kuwa wa mtu. Wamekufa bila kuishi kwanza. Hawana mama wa kuamkia, ndiyo maana kuwapiga shoka ni rahisi na kuwasoma ni kazi bure. Nilifika sura ya tisa ya kitabu chako nikiwa nimemaliza kalamu moja nzima, na nilikuwa nimeanza kutafuta maneno ya kukushauri uombe kazi ya ukarani.

Halafu nikasoma sura ya kumi.

Mwanamke mzee, Mvumi, mvua inanyesha. Brayan hayupo, Mungu ashukuriwe. Wafu wanapita njiani, na mzee anachungulia kwenye ufa wa mlango akiwataja mmoja mmoja: yule ni wa kwa fulani, yule alinichotea maji nilipougua. Mmoja anatoka kwenye kundi, anakuja mpaka barazani, anasimama. Hagongi. Hangurumi. Taya lake limelegea na anahangaika nalo, anahangaika, mpaka salamu inatoka vipande vipande. Na mzee ameshika komeo, hajui afungue au akaze.

Kalamu nyekundu ilikaa mkononi haina la kufanya. Sikujua ulikoipata sura hiyo. Baba yako anaapa hajawahi kukusimulia zaidi ya vicheko, na ninamwamini, kwa sababu hata mimi hapendi nimkumbushe.

Juzi wakati wa kula ukatuambia, huku unatafuna, kwamba mhariri amesema sura ya kumi inapunguza mwendo. Haina damu. Msomaji wa simu atahamia hadithi nyingine. Kampuni itaanza kukichapa kitabu kwenye simu za watu ukifika tu, mradi uifute hiyo na uongeze tembo. Ukasema umekubali. Nikakuongezea mchuzi. Huyo mhariri simjui, lakini aina yake naijua: watu wanaopima hadithi kwa kidole gumba. Amesoma kurasa zako zote na kati ya zote amechagua kutupa zile pekee zenye mtu ndani.

Sikukuambia jana nilikwenda wapi. Ulidhani nimekwenda kwenye kikao cha shule. Nilikwenda Mvumi kumwambia bibi yako kwamba unaondoka. Macho yake sasa yanaona mwanga tu, lakini masikio hayajambo. Akaniuliza, "Mume wangu anakwenda kufanya kazi gani huko Dodoma?" Nikamwambia unaandika habari za wafu wanaotembea. Nilisema kwa dharau, nadhani. Akacheka, akasema, "Nisomee basi, nimjue mume wangu ana akili gani."

Nilikuwa na karatasi zako kwenye mkoba. Nikachagua sura ya kumi. Nilisoma taratibu, kwa sauti ya darasani, nikijikaza. Nikafika barazani. Nikafika kwenye taya. Nikasoma, kama ulivyoandika, "Shi... ka... moo, mama."

Nami sijavuta pumzi ya kuendelea, bibi yako akaitika, kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekuwa karibu na mlango muda wote.

"Marahaba, Hamisi."

Nilimwambia ukurasa umeishia hapo. Haukuwa umeishia hapo, lakini sikuweza kusoma zaidi, na yeye hakuuliza.

Sasa nenda Dodoma, mwanangu, ukaifute.

Mama yako.